Tulimwambia digrii 45

Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi wa kikundi cha hesabu na fizikia, wale munaotuita "maprofesa wa mchangani" kwa sababu tunafundishia kando ya ziwa na ubao wetu ni mchanga. Wengi mliomba tueleze namna ya kufanya maswali ya vitu vinavyorushwa: mpira, tufe, mkuki, jiwe. Swali hilo halikosi kwenye mitihani na linasumbua watu. Tutalieleza. Lakini tukilieleza bila kusema kosa tulilolifanya mwezi wa sita, tutakuwa tunawadanganya, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha swali lenyewe.

Sisi tunaoandika ni wanne. Watatu tulifika la sita ya sekondari kule Uvira na Bukavu, na mmoja alisoma Nakivale, Uganda, kwa Kiingereza. Chuo kikuu hakuna aliyekanyaga. Wawili kati yetu mtihani wa Serikali hatukuufanya, tulikimbia kabla. Likumbukeni hilo munaposoma, kwa sababu sisi wenyewe tulilisahau.

Yule binti tulimkuta kwanza Rugombo. Ilikuwa Februari 2025, watu wakivuka Rusizi kwa maelfu, na serikali ya Burundi ikawaweka kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke. Tulikwenda kujitolea: kupanga mistari ya maji, kuandika majina, kutafsiri Kirundi na Kiswahili. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka ndani ya magoli. Mvua ilikuwa inanyesha na watu walikuwa wanagombea kila kitu kinachosimama ili wafungie shiti. Huyu binti, miaka 17, kutoka upande wa Luvungi, alifunga jiwe kwenye ncha ya kamba, akarudi nyuma hatua tatu hivi, akalirusha juu ya mwamba wa goli. Likapita mara ya kwanza. Mwanaume mmoja aliyekuwa pembeni alikuwa amejaribu mara nne, tano, linampiga kwenye nguzo. Tukacheka, naye akacheka. Hiyo ndiyo picha yake tuliyobaki nayo.

Familia ilipelekwa Musenyi, Rutana, kama wengine. Baadaye mama yake akahitaji matibabu ya mjini, wakaletwa Bujumbura, wakapata chumba upande wa Buterere. Mwezi wa tano tukamwona Jumamosi moja amesimama nyuma ya wanafunzi wetu pale ziwani, hana kaye, hana biki, anasikiliza tu. Tulimpa vyote viwili.

Karibu na 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, vijana wa mtaa waliandaa michezo, wenyeji na wakimbizi pamoja. Kocha mmoja wa riadha alisema atakuja kutazama wasichana wanaorusha tufe, na atachukua wawili wafanye mazoezi na klabu yake. Klabu ingewapa viatu, na ingewalipia minervali ya mwaka mzima. Mwaka mzima wa shule, wandugu! Kwa binti ambaye kaye yake ya mwisho ilibaki Luvungi.

Tufe la kweli hatukuwa nalo. Tufe la wanawake ni kilo 4. Tulichukua kopo la maziwa ya unga, tukalijaza simenti, likakauka siku tatu, tukaliweka kwenye mizani ya mama anayeuza ndagala: kilo 4 kasoro kidogo. (Mama alituuliza kama tunauza simenti kwa kilo sasa.) Mita tuliazima kwa fundi wa ujenzi, ile ya kujikunja. Mchanga ni mzuri kwa kazi hii kwa sababu kopo likianguka linaacha shimo, hakuna ubishi. Ila mchanga wenyewe siku hizi ni mwembamba. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 yalikula sehemu kubwa ya ufuko. Tulikuwa tunarusha kwa kufuata ukingo wa maji, milima ya Uvira iko ng'ambo upande wa kulia.

Siku ya kwanza, bila kufundishwa na mtu, alirusha mita 7.2. Tulipima mara mbili. Mwenzetu mmoja alimpiga video kwa simu.

Basi hapo ndipo tulipoingia na elimu yetu.

Tukamwambia: "Mdogo wetu, unarusha chini sana. Kitu kikirushwa, kinakwenda mbali zaidi kwenye digrii 45. Hiyo ni fizikia." Tukamwandikia mchangani: umbali ni sawa na kasi mara kasi, mara saini ya pembe maradufu, gawanya kwa 9.8. Saini haiwezi kuzidi 1, nayo inafika 1 kwenye digrii 90. Pembe maradufu ikiwa 90, pembe yenyewe ni 45. Imekwisha. Tulikunja karatasi ya mraba kutoka kona hadi kona, tukamshikia pembeni ya bega aone 45 iko wapi. Mkono wake tuliupandisha.

Akaanza kurusha mita 6.4, 6.2, 6.3. Tukamwambia atazoea. Wiki ya pili 6.3 tena. Tukamwambia ni uchovu, na ni kweli siku zile mabasi hayakuwepo kwa sababu ya mafuta, alikuwa anatembea kutoka Buterere hadi ziwani. Tulikuwa na maelezo kwa kila sentimita iliyopotea. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: labda fomula yetu ndiyo ina shida.

Siku ya mashindano alirusha mara tatu. Mrusho bora ulikuwa mita 6.3. Wa kwanza alikuwa na mita 7 na kidogo, wa pili 6.8. Kocha akaandika majina mawili, akapanda pikipiki, akaenda. Binti akavua viatu vya kuazima, akampa mwenyewe, akatuaga vizuri kila mmoja kwa mkono. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Jumamosi ya tatu tulikwenda kwao. Mama yake alitukaribisha, akatupa kiti kimoja na ndoo mbili za kukalia. Tukamwambia, "Mama, tumekuja kumwona mdogo wetu, hatumwoni tena kwenye masomo." Mama hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alisema taratibu:

"Nyinyi ndiyo mulisoma. Mutoto alikuwa anatupa namna yake, mukamwambia atupe namna ya kitabu. Alisikia nyinyi kwa sababu mulisoma. Sasa munisaidie mimi nisiyesoma: kitabu kilikosea, ao ni mutoto ndiye alikosea?"

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alianza kusema kwamba fizikia haikosei, akanyamaza mwenyewe katikati ya sentensi. Binti alikuwa mlangoni anachambua lengalenga. Akasema bila kuinua kichwa: "Mimi nilisikia mkono unakataa. Lakini nyinyi mulikuwa na biki."

Tuliondoka. Njiani hatukuongea mpaka karibu na soko. Halafu mwenzetu wa Nakivale akasema, "Video bado iko kwenye simu. Zote mbili." Alikuwa amepiga ile ya siku ya kwanza na moja ya siku ya mashindano.

Sasa tuingie kwenye swali. Chukueni biki.

Kopo likishatoka mkononi, hakuna anayelisukuma tena. Linabaki na kasi lililoondoka nayo, na dunia inayolivuta chini. Siri yote ya maswali haya ni kuligawa tendo moja kuwa mawili yasiyojuana. Upande wa mlalo hakuna kinacholivuta (upepo tuuache, kopo la kilo 4 halijali upepo), kwa hiyo kasi ya mlalo haibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande wa wima, dunia inaikata kasi ya kwenda juu mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde moja, mpaka iishe, kisha inalirudisha chini kwa kiasi hichohicho. Pande hizo mbili zinashirikiana kitu kimoja tu: saa. Muda wa kwenda mbele ndio muda wa kupanda na kushuka.

Simu ile inachukua picha 30 kwa sekunde moja. Tukaipeleka video polepole, picha kwa picha, kuanzia kopo linapoachana na vidole mpaka mchanga unaporuka. Mrusho wa siku ya kwanza: picha 36. Yaani 36 gawanya 30, sekunde 1.2. Umbali mita 7.2. Kimo cha mkono wakati wa kuachia tulikipima baadaye: mita 1.7.

Mlalo ni rahisi: mita 7.2 kwa sekunde 1.2 ni mita 6 kwa sekunde.

Wima, fikirini hivi. Kama kopo lingeachiwa tu bila kurushwa juu, katika sekunde 1.2 dunia ingelivuta chini 4.9 mara 1.2 mara 1.2, yaani mita 7.06. Lakini kopo lilishuka mita 1.7 tu, kutoka mkononi hadi mchangani. Mita nyingine 5.36 zilitoka wapi? Zilifidiwa na kasi ya kwenda juu aliyolipa. Mita 5.36 kwa sekunde 1.2 ni karibu 4.5 kwa sekunde. Basi: mbele 6, juu 4.5. Ziunganisheni kwa Pitagora, 36 na 20 ni 56, kipeuo chake cha pili ni karibu 7.5. Hiyo ndiyo kasi ya mkono wake, mita 7.5 kwa sekunde. Pembe: 4.5 kwa 6, tanjenti inatoa karibu digrii 37. (Ukikosea picha moja kwenye kuhesabu, pembe inahama kama digrii 2, kwa hiyo musigombane kwa desimali.)

Mrusho wa mashindano: picha 39, sekunde 1.3, mita 6.3. Mlalo 4.85. Wima: 4.9 mara 1.3 mara 1.3 ni 8.28, toa 1.7 inabaki 6.58, gawanya kwa 1.3 ni 5.06. Pembe ni karibu digrii 46. Kasi ni 7.0.

Hapo tulikaa kimya. Tulimwomba 45, akatupa 46. Mbele ya watu, na kocha anatazama, alitutii kwa digrii moja tu ya tofauti. Nidhamu ile sisi hatuna.

Sasa, fomula yetu ilisema nini? Chukueni ile kasi ya 7.5, iwekeni kwenye fomula ya mchangani, kwenye pembe bora ya 45: 7.5 mara 7.5 ni 56.25, gawanya kwa 9.8, mita 5.74. Yaani kitabu chetu kilikuwa kinasema binti huyu, hata afanye nini, hawezi kuvuka mita 5.74. Na siku ya kwanza alikuwa amekwisha kurusha 7.2 mbele ya macho yetu! Kama tungefanya hesabu hiyo moja, ya dakika mbili, kabla ya kumfundisha, tungejua kwamba fomula hiyo si ya tufe.

Fomula ya saini maradufu ni ya kitu kinachoanzia chini na kuangukia chini, usawa uleule. Mpira uliopigwa kutoka kwenye nyasi na kuangukia kwenye nyasi, sawa. Kitabu huwa kinaandika hivyo juu kabisa, kwa herufi ndogo, na sisi wote tulikariri fomula tukaacha herufi ndogo. Tufe linaanzia begani. Likirudi kwenye kimo cha bega bado lina safari ya kushuka mpaka ardhini, na katika safari hiyo ya ziada, lenye kasi kubwa ya kwenda mbele ndilo linalofaidi. Kwa hiyo pembe bora inashuka chini ya 45.

Inashuka kiasi gani? Hili tulilipata baada ya jioni nyingi, na ni zuri, likopieni. Vuta mstari kutoka mkononi mpaka pale kitu kinapoangukia. Halafu tazama nafasi iliyopo kati ya mstari huo na wima inayokwenda juu kichwani. Pembe bora inakata nafasi hiyo katikati. Basi. Kwa tufe letu, mstari unashuka mita 1.7 katika mita 7.2, ni kama digrii 13 chini ya mlalo. Kutoka hapo mpaka wima juu ni 103. Nusu ni 51 na nusu. Kutoka wima ukiteremka kiasi hicho unafika digrii 38 na nusu. Na yeye, bila biki, alikuwa kwenye 37.

Kwenye basketi kanuni ni ileile lakini inageuka. Ringi iko mita 3.05 juu, mkono wa mrushaji uko chini yake, kwa hiyo mstari wa kwenda shabaha unapanda. Mtu anayerusha mpira wa adhabu anaachia kama kwenye mita 2.1, na ringi iko mbele yake kama mita 4.2, mstari unapanda digrii 13 hivi. Mpaka wima zinabaki 77, nusu yake 38 na nusu, kwa hiyo pembe inayotaka nguvu ndogo kabisa ni karibu 51. Vijana wa Bwiza na Buyenzi wanaorusha mpira umelala kama wanatupa chapati, sasa munajua kwa nini unagonga chuma. Ukija umelala, hata tundu lenyewe mpira unaliona dogo.

Lakini tusiende mbali, maana bado kulikuwa na deni kwenye hesabu. Tulipofanya hesabu sahihi, pamoja na kimo cha mkono, kasi ya 7.5 kwenye digrii 45 inatoa mita 7.1. Kwenye 38 inatoa 7.24. Yaani kosa letu la pembe, peke yake, lilimgharimu sentimita 13 au 14. Yeye alipoteza 90! Sentimita nyingine zaidi ya 70 zilikwenda wapi?

Mmoja wetu alifurahi hapo, tuseme ukweli. Alisema, unaona, si sisi, ni yeye aliogopa siku ile. Lakini mazoezini pia alikuwa kwenye 6.3, wala hakukuwa na kocha wa kumwogopesha.

Jibu lilikuwa limekaa kwenye hesabu tangu mwanzo: kasi. Ilikuwa 7.5, ikawa 7.0. Fomula inakuambia "kwa kasi ileile, pembe gani ni bora?" Inachukulia kwamba mkono ni mashine, inatoa kasi ileile popote unapoielekeza. Mkono wa mtu hauko hivyo. Ukisukuma kilo 4 kwenda mbele, kifua na mguu wa nyuma vinasaidia. Ukizisukuma kwenda juu, bega linabaki peke yake, na sehemu ya nguvu inaliwa na uzito wa kopo lenyewe kabla halijaondoka. Kadiri pembe inavyopanda, kasi inashuka. Na umbali unaijali kasi kuliko pembe, kwa sababu kasi kwenye fomula inazidishwa kwa yenyewe. Hata warushaji tufe wakubwa wa dunia mara nyingi huachia chini ya digrii 40, wengi kwenye 30 na kitu.

"Nilisikia mkono unakataa." Ile nusu mita kwa sekunde iliyopotea, yeye aliisikia begani kabla yetu.

Tukikumbuka hapo tunamkumbuka pia Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, halafu mwaka 2015 Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Tulikuwa tunamtolea mfano kila mara: tazameni, alijifundisha mwenyewe. Nasi tulipompata anayejirushia mwenyewe tukambadilisha. Ila mkuki, musijaribu kuufanyia hesabu hii ya kopo. Mkuki unabebwa na hewa. Mwaka 1984 Mjerumani Uwe Hohn aliurusha mita 104.80, viwanja vikaonekana vidogo, na mwaka 1986 mkuki wa wanaume ukabadilishwa uzito wake usogee mbele ili udondoke mapema. Ni somo la siku nyingine, na hatujalielewa vizuri.

Tulirudi Buterere na simu, kaye na karatasi zote. Tulimwambia mama kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza. "Mama, mtoto hakukosea. Kitabu nacho kilikuwa kinajibu swali lingine. Sisi ndio tuliochanganya." Mama akasema, "Kwa hiyo minervali?" Tukasema hapana, minervali haikurudi. Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Hatukupewa kiti siku hiyo, tulisimama.

Binti alichukua kaye akasoma hesabu mstari kwa mstari pale mlangoni. Alitukamata mahali pamoja tulipokuwa tumeandika 1.7 tukaijumlisha badala ya kuitoa. Tukasahihisha. Hizo munazosoma juu ni zilizosahihishwa naye, na andiko hili amelisoma kabla halijatumwa, jina lake ameomba tusiliweke.

Tulimtafuta yule kocha pia. Tulimkuta kiwanjani, tukamwonyesha video ya siku ya kwanza na ile shimo ya mita 7.2. Alitazama mara tatu. Alisema nafasi mbili zimejaa na hawezi kumtoa mtu, na kweli wale wasichana wawili hawana kosa. Alisema tumlete kwenye mazoezi ya Jumapili asubuhi, atazame mwenyewe, bila ahadi ya viatu wala ya shule. Tumempeleka mara nne sasa. Kule wanatumia tufe la kweli, la chuma, linateleza. Mrusho wake mrefu hadi leo ni mita 7.05. Kocha hajamwambia lolote kuhusu digrii. Amemgusa tu mguu wa nyuma, akamwambia, "Anzia hapa."

Kwenye masomo yetu tumeweka utaratibu mpya: anayetaka kumrekebisha mtu namna ya kurusha, kwanza apime mirusho 5 ya namna ya mwenyewe, aandike, halafu ndiyo aongee. Na mita ya fundi tumeirudisha, ameanza kutununia, kwa hiyo mwenye nyingine ailete.

Jumamosi hii tuko palepale, saa tisa mchana, tumalize kabla ya saa kumi na mbili viboko hawajatoka. Swali la kuja nalo ni hili. Mwamba wa goli uko mita 2.44 kutoka ardhini. Mtu amesimama mita 3 mbele yake, anaachia jiwe kwenye kimo cha mita 1.6, na anataka lifike kwenye mwamba kwa nguvu ndogo kabisa. Arushe kwa pembe gani? Kamba ichukueni kuwa nyepesi, haina uzito. Atakayesahihisha ni yule aliyelipitisha Rugombo.